WANAPOUZA SOLA, WANAUZA NANI?

Kuna wimbo mpya unaoimbwa katika semina za mjini Mwanza, na vijana wetu wa Ilemela wameanza kuuitikia kabla hawajausikia hadi mwisho. Maneno yake ni haya: anzisha biashara ndogo ya sola, ikuze miaka mitatu au minne, kisha muuzie mwenye fedha nyingi, uchukue kitita chako uende zako. Wanaoufundisha ni mabwana wa mikoba ya ngozi wanaolala hotelini usiku mmoja na kupanda ndege asubuhi. Uwanja wa ndege wenyewe uko Ilemela hii hii, lakini vumbi la njia ya Kayenze hawalijui.

Ndugu wasomaji, tuelewane tangu mwanzo. Sola tunaitaka. Na mtu aliyejenga kitu kwa jasho lake ana haki ya kukiuza, kama mwenye mtumbwi anavyouza mtumbwi wake. Tunalouliza ni swali ambalo mabwana wale hawalipendi: katika biashara ya sola, kinachouzwa hasa ni kitu gani? Maana mtumbwi ukiuzwa, wanunuzi wanaona mbao na misumari. Sola ikiuzwa, tunasema, mara nyingi wanaouzwa ni watu, nao hawana habari.

Tuanze na ziwa, maana ndilo linalotulisha. Kuanzia Mwaloni Kirumba, ukapita Igombe, ukafika Kayenze na kuvuka hadi Kisiwa cha Bezi, dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Dagaa hufuata mwanga. Bila taa hakuna dagaa, na bila dagaa Mwaloni Kirumba ungekuwa uwanja wa kuanikia nguo. Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai. Karabai ilikula mafuta ya taa usiku kucha, ikapasua vioo kwa mawimbi, ikaunguza mikono ya vijana, na hesabu ya mafuta ilikatwa kwanza kabla mvuvi hajapewa fungu lake. Kisha katika bajeti ya mwaka 2011/12 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka Sh. 52 hadi Sh. 400.30 kwa lita, ili kuwazuia wachakachuaji waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Shabaha ilikuwa mwizi wa dizeli, lakini risasi ilimpata mvuvi wa dagaa. Tangu hapo taa ya betri na paneli ya sola ilionekana mialoni kuwa kitu cha akili, si anasa ya wenye vioo vya rangi.

Wala sola haikuletwa Mwanza jana na wazungumzaji wa semina. Mradi wa UNDP na GEF wa kukuza soko la sola vijijini ulianzia katika mkoa huu huu katikati ya miaka ya 2000. Mwaka 2007 kampuni ya Zara Solar, ya hapa Mwanza, ilipewa tuzo ya Ashden ya Uingereza kwa kazi ya kuuza mitambo ya sola kwa watu wa kawaida. Ilikuwa kazi ya duka, mafundi na bidhaa. Kwa hiyo mtu asije kutuambia kwamba watu wa Ziwa hawawezi biashara hii mpaka wafundishwe na mgeni.

Sasa tutazame kibanda cha kuchaji cha mwaloni, biashara ambayo kijana mwenye bidii anaweza kuijenga. Paneli ziko juu ya bati, betri na taa ziko ndani. Jioni mvuvi anakodi taa iliyojaa, alfajiri anairudisha. Tufanye hesabu ya mfano, na kila mwenye kibanda aweke bei zake mwenyewe. Tuseme taa 40, kila moja Sh. 3,000 kwa usiku. Mgeni atazidisha kwa siku 30, na hapo ndipo atakapopotea njia. Dagaa huvuliwa gizani. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima lina mwanga, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, na mitumbwi hukaa nchi kavu. Basi hesabu usiku 20. Hizo ni Sh. 2,400,000 kwa mwezi.

Toa mishahara ya mlinzi na wahudumu wawili, tuseme Sh. 600,000. Toa pango, ushuru na matengenezo, Sh. 300,000. Inabaki Sh. 1,500,000, na kijana anapiga kifua kwamba hiyo ni faida. La hasha! Betri 40 za Sh. 300,000 kila moja ni Sh. 12,000,000, na betri za asidi zikinyonywa kila usiku mpaka mwisho hazina umri mrefu. Miaka miwili ukiipata, shukuru. Kwa hiyo kila mwezi Sh. 500,000 si faida hata kidogo, ni betri ya kesho. Faida ya kweli ni Sh. 1,000,000 kwa mwezi, yaani Sh. 12,000,000 kwa mwaka. Mnunuzi mwenye akili, kwa kibanda kama hicho, atalipa faida ya miaka miwili au mitatu, basi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa hupotea mchana kweupe.

Lakini tazameni ujanja unaofundishwa. Muuzaji haandiki akiba ya betri. Anamwonyesha mnunuzi faida ya Sh. 18,000,000 kwa mwaka, naye anauza katika mwezi wa ishirini na tatu, betri zikiwa mahututi. Mnunuzi akiwa tajiri wa Ulaya mwenye mkaguzi wake, atagundua na atapunguza bei. Mnunuzi akiwa kikundi cha akina mama wakaanga dagaa waliochangishana, hawatagundua mpaka taa zizimike ziwani saa nane usiku. Hayo ndiyo wanayoyaita ujasiriamali! Sisi tunayaita kwa jina lake la zamani, na jina hilo ni wizi, hata kama mwizi ni kijana wa Nyakato tuliyesoma naye darasa moja.

Hiyo ni biashara ndogo, ya kukodisha. Iko ya pili iliyo kubwa zaidi, ya kukopesha, na humo ndimo watu wanapouzwa.

Mtambo wa sola unatolewa kwa mkopo. Mteja analipa kidogo kidogo kwa simu, na ndani ya mtambo kuna kifungo kinachofungwa kutoka mbali asipolipa. Kwa namna yake ni jambo jema, maana hakuna mvuvi mwenye fedha taslimu ya mtambo mzima. Lakini angalieni kampuni ya namna hiyo ina mali gani. Paneli ziko kwa wateja. Ofisi ni ya kupanga. Pikipiki ni tatu. Mali yenyewe ni deni: tuseme wateja 300, kila mmoja akidaiwa Sh. 200,000, hiyo ni Sh. 60,000,000. Siku kampuni inapouzwa, kitu kinachopita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine ni ahadi za watu 300 wa Sangabuye, Bugogwa na Kayenze kwamba wataendelea kulipa, pamoja na uwezo wa kuwazimia taa. Wao hawakuulizwa, wala senti moja ya bei hawaigusi. Wanapata ujumbe wa simu kwamba jina la kampuni limebadilika.

Msidhani tunabuni. Kampuni ya Mobisol ya Berlin ilifanya kazi Tanzania, ikiwa na makao yake huku Arusha, ikakopesha sola kwa familia nyingi. Mwaka 2019 ikashindwa kulipa madeni yake kwa sheria za Ujerumani, na mwaka huo huo ikanunuliwa na ENGIE ya Ufaransa. ENGIE ilikuwa imekwisha kuinunua Fenix mwaka 2017, kampuni yenye wenyewe San Francisco na wateja wake Uganda. Mwaka 2025 ikatangazwa kwamba ENGIE nayo inaikabidhi biashara yake ya sola ya Afrika kwa kampuni ya Ignite. Hesabuni wenyewe. Mtu aliyeweka sahihi kwa Mjerumani akajikuta mikononi mwa Mfaransa, kisha mikononi mwa mwingine tena, na bado ni paneli ile ile juu ya bati lile lile. Hatusemi makampuni hayo yalivunja sheria. Tunasema sheria yenyewe haikumwona huyo mtu aliye chini ya bati.

Na tujifunze kwa nini haya yanatokea. Anayekopa kwa dola au yuro na kukopesha kwa shilingi analala akiomba shilingi isishuke. Shilingi ikishuka, deni lake linapanda wakati mteja analipa kile kile. Hapo kuuza kwake hakuna uhusiano na ushindi wanaoupigia tarumbeta semina. Ni mtu anayezama akishika boya. Kijana wa Ilemela anayeambiwa aige makampuni hayo aulize kwanza yalikopa wapi, na kwa fedha gani.

Turudi kwenye mwezi, maana hapa mashine inaonyesha ujinga wake. Mpango wa malipo ukitengenezwa kwa mtu wa mshahara au mwenye duka, unadai kila siku au kila wiki. Mvuvi wa dagaa ana fedha wakati wa giza. Mwezi ukiwa mpevu hana. Mkopeshaji anayeishi Igombe anajua hilo bila kuambiwa, naye anangoja. Mwenye kitabu cha madeni huko mbali ananunua karatasi inayoonyesha "mteja amechelewa siku nane", na anafunga taa. Taa imefungwa; giza linarudi; mvuvi hana taa ya kuvulia ili apate fedha ya kuifungulia taa. Je, hii ni biashara au ni mtego wa panya? Fundi wa kompyuta angeweza kuweka kalenda ya mwezi katika mpango huo kwa kazi ya siku moja. Haiwekwi, kwa sababu hakuna mwenye nguvu katika chumba hicho aliyewahi kuusubiri mwezi uzame.

Wazee wetu wa Usukuma waliyajua mambo haya katika pamba. Mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi, na mizani ilikuwa ya mnunuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Paul Bomani na wenzake waliweka mizani yao wenyewe, ili mkulima apime kabla hajaenda kudanganywa. Kutoka katika mizani hiyo vikazaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 shirikisho la Victoria Federation. Kabla ya Uhuru vyama hivyo vilikuwa vikinunua pamba yote ya Jimbo la Ziwa na vimekwisha kuanza kumiliki vinu vya kuchambulia. Walianza na mizani. Katika sola, mizani ni daftari la deni na ule ufunguo wa kufungia taa. Aliye navyo ndiye mnunuzi wa zamani amerudi kwa suti mpya.

Atatokea ndugu mwenye kumbukumbu na kutuuliza: na Nyanza je? Vyama vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa miaka ya 1980, na Nyanza ikazama katika madeni hata vinu na majumba yake vikapita katika mikono mingine. Kweli tupu, wala hatutaifunika kwa kanga. Ushirika hauna utakatifu. Chama chenye viongozi wasiosoma hesabu mbele ya wanachama kitaliwa na viongozi hao hao, tena haraka kuliko kampuni. Lakini mtu ambaye nyumba yake iliungua haendi kulala porini maisha yake yote. Hujenga tena, na safari hii huweka jiko mbali na makuti.

Mwingine atasema: shida yote ya nini, umeme wa gridi umefika! Bwawa la Julius Nyerere limejengwa, megawati 2,115, mtambo wake wa kwanza ukawashwa mwaka 2024. Na kuunganishwa umeme vijijini kwa mpango wa REA kumekuwa kwa Sh. 27,000. Tunalifurahia, na mwenye nyumba Buswelu asiye na haja ya sola asiinunue kwa mkumbo. Ila mtumbwi hauwezi kuburuta waya kutoka nguzo ya Kayenze hadi katikati ya maji. Hapo betri itatawala, iwe imechajiwa kwa jua au kwa TANESCO. Mwenye kibanda mwerevu atachaji kwa vyote viwili, na kibanda chake kitakuwa na thamani zaidi siku ya kuuza.

Ingefaa pia mabwana wa semina wawaambie vijana yaliyowapata wenye vijigridi vya visiwani. Jumeme waliwasha umeme wa jua Bwisya, kisiwani Ukara, mwaka 2016. Mwaka 2020 Serikali ikaagiza umeme wa vijigridi binafsi uuzwe Sh. 100 kwa uniti, kama wa TANESCO vijijini. Kwa mwananchi wa kisiwani bei hiyo ni haki. Kwa nini Mkara alipe umeme kwa bei kubwa kuliko mtu wa Oysterbay? Kwa mwenye mtambo ilikuwa kama kukatwa miguu, maana mitambo ilijengwa kwa hesabu nyingine. Sisi tunasimama na bei ya Mkara. Lakini tunasema pia kwamba pengo hilo lilistahili kujazwa na mfuko wa umma kwa utaratibu ulioandikwa, kwa sababu amri isiyo na fedha nyuma yake humfukuza mjenzi mdogo kwanza, na kumwachia uwanja yule mkubwa anayeweza kula hasara miaka mitano.

Na lipo jambo moja linalonyamaziwa na pande zote: betri zilizokufa. Betri ya asidi ina risasi, na risasi ni sumu. Muuzaji anaondoka na fedha, mnunuzi anasema zile za zamani hazimo katika mkataba, na mwisho wake zinavunjwavunjwa ufukweni na watoto wanaotafuta vyuma chakavu, hatua chache kutoka maji ambayo Mwanza nzima inakunywa. Gharama ya kuziondoa itolewe katika bei ya mauzo siku ile ile. Asiyetaka kulipia mazishi ya betri zake asiruhusiwe kurithisha biashara.

Basi tunadai nini? Kampuni kubwa zikiungana, Tume ya Ushindani huangalia. Kibanda cha mwaloni au kampuni ya wateja 300 ni ndogo mno kwa tume hiyo, hakuna anayeuliza. Hapo ndipo Manispaa ya Ilemela, yenye leseni za biashara mkononi, inapopaswa kuuliza. Kila mteja apewe salio lake kwa karatasi yenye muhuri kabla ya mauzo, kwa Kiswahili, si kwa ujumbe wa simu unaofutika. Aliyekwisha kulipa afunguliwe mtambo wake moja kwa moja, na mnunuzi mpya asipewe ufunguo wa mtu asiyedaiwa. Mkataba wa mvuvi uhesabu usiku wa giza. Na kabla kampuni haijapelekwa sokoni Nairobi au Paris, wafanyakazi wake na wavuvi wa mwalo ule wapewe miezi mitatu ya kutafuta fedha za kuinunua kwa bei ile ile.

Watazitoa wapi? Tumeulizwa hivyo kwa kejeli. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya vikundi hewa, ikarudishwa mwaka 2024. Kwa kawaida hugawanywa vipande vipande kwa vikundi vinavyoanza cherehani moja na mizinga miwili ya nyuki, na baada ya mwaka hakuna cherehani wala asali. Kibanda kinachouzwa kina wateja tayari, kina historia ya mapato, kina wahudumu wanaojua kazi. Kuna mkopo gani ulio salama kuliko huo? Kikundi cha vijana waliokuwa wakichaji taa za mwenye kibanda, wakikopeshwa wamnunue, wanaanza kazi Jumatatu bila kufundishwa lolote.

Na mwenye kibanda atapata kitita chake kamili, wala hatumwonei wivu. Akajenge nyumba Kiseke apumzike. Tunachomwambia ni hiki tu. Kabla fedha hazijapita, kitabu cha mapato, kitabu cha madeni na umri wa kila betri visomwe mwaloni, mchana, mbele ya wavuvi wanaokodi taa zile, siku za mwezi mpevu ambapo kila mtu yuko nchi kavu. Akikataa kukifungua kitabu, wavuvi wasiweke sahihi zao kwa bwana mpya.